Baridi ya Dundori Haitoshi Kuipoza Kompyuta

(Maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba kompyuta ya Dundori imezimika kwa sababu ya joto, atakucheka mpaka ashike mbavu. Sisi tunaokuja shuleni asubuhi tumevaa sweta mbili mbili, ukungu wa msituni ukituandama njia nzima, joto tutalitoa wapi? Hata mimi nilicheka nilipoambiwa. Leo sicheki tena, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nyumbani tuna kompyuta ya mezani ambayo kaka yangu aliiunda mwenyewe. Baba alipouza viazi alimpa pesa kidogo, naye akawa ananunua vipuri vya mitumba kimoja kimoja, vingine Nakuru mjini na vingine Nairobi. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Intel Core i5-3470 ya mwaka wa 2012. Si mpya, lakini kwetu ni mali. Mama huiwekea hesabu za chama, kaka huchapia watu barua akapata ya sukari, nami husomea karatasi za mitihani iliyopita.

Mwaka jana dada yangu alikuwa akijaza maombi ya chuo, tena siku ya mwisho. Alipofika ukurasa wa mwisho, skrini ikawa nyeusi ti! Tukaiwasha, ikakaa dakika kumi, ikazimika tena. "Ni stima hiyo," Mama akasema, lakini taa ilikuwa inawaka. Dada alilia kwa kwikwi. Ilibidi Baba ampeleke kwa bodaboda usiku huo kutafuta saiba iliyokuwa wazi bado. Bahati yake, alimaliza zikiwa zimesalia dakika chache tu.

Kesho yake fundi mmoja akatuambia prosesa imekufa, tununue nyingine pamoja na ubao mkuu, jumla shilingi elfu tisa. Elfu tisa! Baba alinyamaza kimya. Ndipo kaka akasema, "Ngojeni kwanza tuifungue."

Lo! Yaliyokuwa ndani si mchezo. Juu ya prosesa hukaa kipozeo, chuma cha aluminiamu chenye mapezi membamba, na juu yake feni. Katikati ya mapezi hayo vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi kuukuu. Feni ilikuwa inazunguka, ndiyo, lakini ilikuwa inalipulizia lile blanketi. Nayo ile dawa ya kupitisha joto, ambayo mafundi huiita pesti, ilikuwa imekauka ikapasuka kama tope la kiangazi.

Ndugu msomaji, hebu tufikiri pamoja. Prosesa kama yetu, ikifanya kazi kwa nguvu zote, hutoa joto la kama wati 77. Balbu ya zamani ya wati 60 huwezi kuishika kwa mkono. Sasa chukua joto linaloishinda balbu hiyo, ulitoe kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba! Lisipopata njia ya kutoka, nyuzi hupanda haraka. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo, na joto likizidi kupanda hujizima zisiungue. Kumbe mashine yetu haikuwa imekufa. Ilikuwa inajiokoa.

Na baridi yetu je? Baridi husaidia ikifika kwenye chuma chenyewe. Isipofika, ni sawa na kufa kiu kando ya mto. Tena tusisahau kwamba sisi tuko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kwa tano, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Halafu kuna vumbi. Jina la Nakuru lenyewe, husemwa kwamba latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mwezi wa Julai nasi tunaingiza jiko nyumbani tuote moto, masizi yananata ndani ya mashine, na vumbi linapata pa kushikilia.

Kaka alichomoa waya, akagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usiunguze kitu. Akaizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, akasugua mapezi kwa brashi ya rangi, kisha mimi nikapuliza kwa pampu ya baiskeli. Tulifuta pesti ya zamani kwa kitambaa na spiriti, tukapaka mpya kiasi cha punje ya njegere, basi. Gharama yote haikufika shilingi mia tano. Kabla ya hapo ukurasa wa BIOS, ule unaofunguka ukibonyeza Del au F2 mashine inapoamka, ulikuwa umetuonyesha nyuzi 88. Baadaye ulionyesha 49. Mpaka leo haijazimika tena.

Maoni yangu ni haya: kompyuta nyingi tunazozitangaza maiti hapa kwetu zimekosa pumzi tu, na sisi wenyewe ndio tunaozikaba koo. Kosa la kwanza ni vitambaa. Akina mama zetu hufuma vitambaa vizuri sana, nami nawasifu, lakini kitambaa juu ya kompyuta inayofanya kazi ni kama kumfunika mtu mdomo na pua. Kosa la pili ni kuisukuma mashine hadi ukutani, upande wa nyuma ambako hewa moto hutokea. Kosa la tatu ni kuacha sanduku wazi ubavuni ati lipate hewa. Kwa vumbi la Dundori hiyo ni karamu ya uchafu! Heri ulifunge, uweke kipande cha stokingi mbele panapoingilia hewa, ukifue kila wiki. La nne ni la kuchekesha: kuna jamaa hupaka dawa ya meno badala ya pesti. Hiyo hukauka upesi, na shida inarudi pale pale.

Najua kuna watakaosema, "Sisi si mafundi, tutaharibu." Kweli, mashine hufunguliwa kwa uangalifu, umeme ukiwa umechomolewa, na ni vyema awepo mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Lakini mbona baiskeli tunazifungua? Kuogopa kufungua sanduku ndiko kunakomfanya Baba aambiwe elfu tisa kwa kazi ya mia tano.

Walimu wetu wapendwa, msinielewe vibaya, lakini katika chumba chetu cha kompyuta kuna mashine zilizorundikwa nyuma zikisemwa zimekufa, nasi tunakaa watatu watatu kwenye moja. Nani amezifungua akaangalia? Naomba kila muhula tutengewe Ijumaa moja alasiri, wanafunzi na mwalimu, tuzipanguse na tuandike daftarini nyuzi za kila moja. Zitakazoamka, tutashukuru. Zitakazokataa, zitatufundisha.

Wakubwa wenyewe hawaiachii baridi kazi yote. Facebook ilifungua kituo chake Luleå, kaskazini mwa Uswidi, mwaka wa 2013, ikiifuata baridi ya huko. Hata hivyo hewa hiyo huchujwa kwanza, ndipo feni ziisukume ndani. Na Mei 2024, Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha kompyuta kule Olkaria, katika kaunti yetu hii hii ya Nakuru, kitumie umeme wa mvuke wa ardhini. Mpango huo ukitimia, watatafutwa watu wanaojua kupoza mashine. Kwa nini wasitoke Dundori?

Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni vumbi, na wa kuuziba ni brashi. Leo ukifika nyumbani, toa kitambaa, vuta mashine kutoka ukutani, uiache ipumue. Huenda usiku mmoja dada yako akawa anajaza fomu.