Wimbo wa Kitabuni na Wimbo wa Kijijini



Mwanafunzi mmoja wa hapa Base ya Kamina alitujia juzi na swali: “Mwalimu, baba amenikataza nyimbo za ngoma. Asema ni za wajinga. Muziki wa kweli umo vitabuni. Je, ndivyo?”

Baba huyo hayuko peke yake. Wengi huzigawa nyimbo mafungu mawili: za wenye elimu ziheshimiwe, za watu wote zidharauliwe.

Tulimjibu kwa habari za mji wake mwenyewe. Mwaka 1954 Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha kwaya Kamina, ya wavulana wapatao 45 na waalimu wapatao 15. Katika Misa yao maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti zilitoka kwa wenyeji. Kyrie ilifuata kasala, mtindo wa kuomboleza wafu. Sanctus, wimbo wa kuagana. Hawakuimba kwa kutazama noti, bali kwa sikio na moyo, ngoma zikiwaongoza. Misa hiyo, Missa Luba, iliadhimishwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule kwaya ikaimba Brussels, kwenye Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1968 Sanctus ikasikika katika sinema ya Kiingereza, If....

Basi, wimbo ule ni wa fungu gani? Kijijini ulikuwa machozi ya kuagana. Kanisani ukawa sala. Ulaya ukaitwa sanaa. Katika sinema ukawa burudani. Wimbo ni ule ule. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Hatusemi kwamba nyimbo zote ni sawa. Zipo zilizotungwa haraka kwa ajili ya fedha tu, nazo husahauliwa upesi. Lakini tuzipime kwa ukweli na bidii iliyomo ndani yake, si kwa shule ya mtungaji. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza kwamba muziki wa wenyeji upewe heshima yake.

Enyi wazazi, wazee wanaojua kasala hawatadumu milele. Mtoto mnayemkataza leo atawarithisha nini wajukuu wenu? Ajifunze noti shuleni, na jioni aketi karibu na babu yake. Mwacha asili ni mtumwa.