TAARIFA YA TAWI: MSAIDIZI WA LISHE WODINI SI PAMBO



Mkoa wetu wa Iringa unalima mahindi, viazi na maharage ya kulisha mikoa mingine. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 57 katika kila 100 wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kitaifa ni 30. Chakula tunacho. Tatizo ni mlo wenyewe: mtoto anashindia ugali au uji mtupu, maharage na maziwa yanaenda sokoni, na mama yuko shamba tangu alfajiri.

Kwa hiyo msimamo wa tawi ni huu: kila wodi ya watoto, kuanzia kituo cha afya cha kata hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inayohudumia Nyanda za Juu Kusini, iwe na msaidizi wa lishe ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Wapo wanaosema aajiriwe kwanza muuguzi, chakula ndugu wataleta. Wauguzi tunawahitaji, hilo halina ubishi. Lakini mtoto mwenye utapiamlo mkali hunyweshwa maziwa-tiba kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, kwa kipimo kinachofuata uzito wake. Akizidishiwa siku za mwanzo, anaweza kupoteza maisha. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima ataamka mara ngapi? Na ndugu anayeleta hotpoti ya wali kwa mgonjwa wa kisukari, nani atamwelekeza?

Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia. Halmashauri nazo zimeelekezwa kutenga angalau Sh 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Tunamwomba diwani wetu aulize kwenye baraza: zimetengwa ngapi, zimetoka ngapi, zimefanya nini?

Nasi tuna wajibu. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ikitangazwa, tuwapeleke watoto wakapimwe, na akina baba tusiwaachie akina mama peke yao.

Mwenye hoja ailete kwenye kikao cha tawi.

Kamati ya Tawi