Boma la Karema na Watoto Wetu

Watumishi wenzetu mlioletwa Mpanda kwa uhamisho, twapenda kuwakumbusha jambo moja kabla ya livu. Wengi wetu huwaza kuwapeleka watoto Bagamoyo au Ujiji watazame mambo ya kale, kumbe Karema i hapa hapa katika Mkoa wa Katavi, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Boma la huko lilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 likatiwa mikononi mwa Mapadre Weupe, likawa misheni. Hayo mtoto atayasikia upesi. Lakini ni nani atakayemwambia kwamba mizigo ya safari ile ilichukuliwa kutoka pwani kwa mabega ya wapagazi? Tena ni nani atakayemweleza habari za Adrien Atiman, aliyeibwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema hata alipofariki mwaka 1956?

Kuta hazisemi. Yaliyosalia yamo vinywani mwa wazee, na mzee akifa huenda nayo. Basi yatupasa, watoto wakiisha kulitazama boma, tuwaketishe mbele ya wazee wasikilize, nasi tuandike. Sisi ambao kazi yetu ni kalamu na majalada, tutajibu nini siku watoto watakapouliza kwa nini hatukuandika?