Msanii naye analipa nyumba

Mtu anaingia katika atelie ya mchoraji, tuseme pale Kadutu. Anazunguka polepole, anasimama mbele ya tablo inayoonyesha akina mama wanaopanda mlima na mizigo ya muhogo mgongoni. Anaipenda. Anauliza: « Hii ni ngapi? » Mchoraji anataja bei. Mgeni anashika kichwa: « Eeh, kaka! Kwa kitambaa na rangi tu? Unifanyie bei ya ndugu. » Asubuhi ya siku ileile, mtu huyo alilipa fundi aliyemtengenezea mlango, na hakumwambia kwamba mlango ni mbao na misumari tu.

Tumeona jambo hili mara nyingi katika mji wetu wa Bukavu, na wengine kati yetu tumelifanya. Leo tunataka kulizungumzia wazi, juu ya atelie haifungwi kwa kelele kama butike iliyofilisika. Mwenyewe anauza meza na brashi zake, anatafuta kiti na mwavuli, anaanza kuuza unite na mega pembeni ya barabara. Majirani wanampongeza kwamba sasa amepata kazi. Hakuna anayesema kwamba mji umepoteza mchoraji.

Watu wanapenda kusema kwamba maisha ya msanii yanategemea talanta. Talanta iko hapa kwetu, tena nyingi. Lakini mwenye nyumba anapogonga mlango mwisho wa mwezi, hatazami tablo. Anataka feza yake. Swali la kweli kwa kijana anayetaka kuishi na sanaa ni hili: nani atalipa siku ambazo hakuna aliyenunua?

Shida hii haikuanza jana, lakini mwaka 2025 umeifanya nzito zaidi. Katikati ya mwezi wa pili mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Benki zilifunga milango, ndege za abiria zikaacha kutua Kavumu. Mwanzoni mwa mwaka uleule Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na mashirika mengi yakapunguza kazi ao yakaondoka. Kwa mchoraji, hiyo ilikuwa kupoteza wanunuzi wake wakubwa kwa mara moja. Wageni wa mashirika ndio waliokuwa wananunua tablo za kupeleka kwao. Ofisi zao ndizo zilizoagiza mabango ya kufundisha watu juu ya kolera ao kunawa mikono. Leo anayetaka kupeleka kazi Kinshasa anaizungusha kupitia nchi za jirani, na kila mpaka uko na gharama yake.

Tufanye hesabu pamoja, ya mfano tu, kama ile ya kwenye daftari la mwanafunzi. Chumba cha kuchorea, dola 30 kwa mwezi. Kitambaa, rangi na mbao za kadre, dola 35. Usafiri, dola 15. Chakula cha nyumbani na masomo ya watoto, dola 160. Jumla, dola 240. Mchoraji huyo anamaliza tablo 4 kwa mwezi, na kama mwezi ni mzuri anauza 2. Basi kila moja inapaswa kuuzwa dola 120, na hapo hajapata hata franga moja ya kuweka pembeni. Yule aliyeomba bei ya ndugu alitoa dola 50. Tablo mbili za namna hiyo, na mwezi unaisha na deni la dola 140. Hatujahesabu ugonjwa. Hatujahesabu mvua inayoingia kwenye dari na kuharibu kazi ya wiki tatu, wala moto, ambao kila mtu wa Kadutu anajua unavyokula nyumba za mbao.

Historia ya nchi yetu iko na mafunzo juu ya jambo hili, na tunayasahau haraka.

Mwaka 1946 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hapo walitokea Bela, aliyechora kwa vidole, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi mifupi, na Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake. Kila mmoja alikuwa na mkono wake, hukosei. Lakini mwaka 1954 Desfossés alikufa, na atelie haikusimama peke yake. Ilimezwa na shule ya sanaa ya mji. Mambo mengi yalikuwa yanapita kwa mtu mmoja. Atelie ya Bukavu inayoishi kwa mradi wa shirika moja iko katika njia ileile. Mradi unaisha, gari nyeupe zinaondoka, na rangi inakaukia ndani ya kopo.

Tutazame sasa Chéri Samba. Yeye alianza Kinshasa na mabango ya biashara, kazi ambayo wengine wanaidharau. Mwaka 1975, hajafika hata miaka 20, alifungua atelie yake mwenyewe. Aliweka maandishi ndani ya tablo zake ili mpita njia asimame, asome, acheke, akasirike kidogo. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya « Magiciens de la terre », na dunia ikamjua. Kutoka 1975 mpaka 1989 ni miaka 14. Vijana wetu wanapenda kutazama ule mwaka wa mwisho, lakini sisi tunawaomba watazame ile miaka 14. Bango la salon ya nywele halimwondolei mchoraji heshima. Kama linalipa chumba, chumba kile ndicho kitazaa tablo.

Na kuna Tshibumba Kanda Matulu, ambaye habari yake inatuuma. Alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa tablo 101 za historia ya nchi, kutoka zamani za mababu mpaka Lumumba na siku za Zaire, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili, hiki hiki chetu cha mashariki na kusini. Leo vitabu vinaandikwa juu yake, na tablo hizo ziko Uholanzi. Yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuna anayeweza kuonyesha kaburi lake. Mtu aliyetunza kumbukumbu ya taifa zima aliishi kwa kuuza tablo moja moja, kwa feza ya kula. Hatutaki Bukavu iwe na Tshibumba wa pili.

Basi wafanye nini? Tunasema kwanza na wasanii wenyewe, kama ndugu kwa ndugu, bila kuwahurumia kupita kiasi.

Ndugu msanii, nunua daftari. Kila kazi iwe na picha yake, vipimo vyake, mwaka wake, bei yake, na jina la aliyeichukua. Siku moto ao mvua vikichukua chumba, daftari litabakia, hasa kama picha zake umezituma pia kwa mtu mwingine. Bei yako isibadilike kwa sura ya mtu: mzungu, mbunge na jirani wasikie bei moja. Anayekosa feza yote alipe kwa vipande, mara tatu ao nne, na iandikwe. Kazi ya kuagizwa isianze bila nusu ya malipo, maana ukishachora sura ya harusi ya mtu, hutampata mnunuzi mwingine. Na ujue kwamba sheria iko: tangu ile ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986, nchi yetu inalinda haki za mwenye kutunga, wachoraji wakiwamo. Kuuza tablo si kuuza ruhusa ya kuichapa juu ya kalenda na tisheti. Kama mtu anataka hiyo, muandikiane tena.

Pili, musikae peke yenu. Mama zetu sokoni wanajua likelemba kuliko sisi wenye kusoma. Wachoraji watano wanaolipa chumba kimoja kikubwa wanalipa kidogo kuliko watano wenye vyumba vitano. Wananunua kitambaa kwa roli nzima. Mmoja akiuguza mtoto, wengine wanafungua mlango kwa wageni. Kule Lubumbashi, Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha Picha, na tangu mwaka 2008 mji ule uko na biennale yake, inayoleta watu wa mbali kuja kutazama kazi za wenyeji. Hawakungoja mtu kutoka Kinshasa aje kuwafungulia mlango. Jina lenyewe ni neno la Kiswahili ambalo mtoto yeyote wa hapa analielewa.

Tunasema pia na wakaaji wa Bukavu. Parokia inayotaka njia ya msalaba ukutani ilipe mchoraji sawa inavyolipa fundi wa bati. Shule inayotaka ramani ya Kongo kwenye ukuta wa darasa isiseme « ni kwa ajili ya watoto » halafu ikalipa rangi peke yake. Hoteli za Nguba na Muhumba zinazoning'iniza picha za kuchapwa za nchi ambazo hakuna hapa aliyefika, zitazame dirishani: ziwa liko pale, na kuna watu wanaojua kulichora. Na wewe unayejenga nyumba, ukishanunua televisheni na viti, weka ukuta mmoja kwa mtu wa mji wako. Wageni wameondoka. Kama wenyeji hawanunui, hakuna mwingine. Na wanaotoza taksi, wawe nani, waelewe kwamba chumba cha mtu anayeuza tablo mbili kwa mwezi si depo ya bia.

Tunajua kuna msomaji anayetikisa kichwa. « Watu wanalala njaa, mishahara imekwama, na ninyi munasema juu ya tablo? » Swali lake ni la haki, na hatulipiti kando. Hatusemi mtu aache kununua unga. Tunamkumbusha tu jambo moja. Katika Shabunda na Mwenga, Walega walikuwa na Bwami, na ndani ya Bwami kulikuwa na vinyago na sanamu ndogo za mbao na pembe zilizofundisha watu namna ya kuishi na wenzao. Mwaka 1933 wakoloni walikataza Bwami. Vitu vingi vilitoka. Leo Mlega anayetaka kuona kazi nzuri za mababu zake anapaswa kuomba viza, afike Tervuren huko Ubelgiji, alipe tiketi, atazame nyuma ya kioo. Miaka hii tunayopita, iliyojaa vita, misiba na vicheko pia, itachorwa. Kama walioiona kwa macho yao wamekwenda kuuza mega, itachorwa na wale ambao hawakuwapo, na watoto wetu watatujua kwa macho ya watu wengine.

Hatimaye tujiseme wenyewe. Gazeti linapenda kufundisha wengine. Lakini mara ngapi sisi tumemwomba mchoraji kijana katuni ya haraka, « kwa leo tu », na malipo yakawa jina lake kwa herufi ndogo chini ya ukurasa? Tulimwambia kwamba atajulikana. Mwenye nyumba wake hapokei kujulikana. Tulikosea, na tunaona haya kuiandika, lakini ni heri iandikwe.

Kwa hiyo tumekubaliana katika chumba chetu cha kazi: mchoro wowote utakaotoka katika kurasa hizi za Kiswahili utalipwa kabla ya kuchapwa, kwa bei iliyoandikwa, hata kama ni ndogo, na mchoro wenyewe utabakia mali ya aliyeuchora. Kama hatuna feza wiki hiyo, ukurasa utatoka bila mchoro. Msomaji akiona nafasi tupu, ajue sababu. Na yeye pia, siku atakapoingia katika atelie ya Kadutu na kusikia bei, kabla ya kushika kichwa, ajiulize nyumba ya yule kaka inalipwa tarehe ngapi.