Dawa Ina Saa Yake

Kuna maneno ambayo sisi wagonjwa tumeambiwa mara nyingi hata tumeacha kuyasikia: "Dawa hii ina madhara madogo madogo, usiogope." Mimi, ndugu msomaji, nayapinga. Siyo kwamba ni uongo. Ni nusu ya habari, na nusu iliyofichwa ndiyo tunayoihitaji: madhara hayo yanaanza lini, na yanakoma lini?

Ninameza piridostigmini kwa sababu ya mayasthenia gravisi, ugonjwa unaolegeza misuli; kope zinashuka, taya linachoka katikati ya chakula. Dawa hii huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi kisiivunje upesi asetilikolini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kuiamrisha misuli. Lakini kemikali hiyo hiyo huamrisha pia utumbo, mate na jasho. Kidonge cha kawaida huanza kazi baada ya nusu saa au dakika 45, hufika kileleni katika saa moja au mbili, na huisha nguvu baada ya saa tatu au nne, kwa wengine hata sita. Msokoto wa tumbo nao hufuata ratiba hiyo hiyo.

Wala si siri. Mwaka 1934, huko Greenwich, Uingereza, daktari Mary Walker alimdunga mgonjwa fisostigmini. Kope lililoanguka likainuka kwa saa chache, kisha likashuka tena. Tangu mwanzo dawa za ukoo huu zilijulikana kwa saa zake. Bahasha yangu mimi iliandikwa "1 x 3", basi.

Kwa kuitii bahasha hiyo nilimeza saa moja asubuhi, juu ya chai ya rangi, nikapanda basi la kutoka Njombe kwenda Makambako. Ni kilomita zipatazo 60 tu. Njiani tumbo likasokota, mate yakajaa mdomoni, jasho likanitoka katika baridi ile.

"Konda, naomba kuchimba dawa."

"Mzee wangu, vumilia, Makambako hapo tu."

(Kuchimba dawa! Kiswahili nacho kina utani wake.) Sentensi moja pale dirishani ingetosha: meza pamoja na chakula, na saa mbili za kwanza usiwe mbali na choo.

Wapo wanaotetea ukimya huu. Eti mgonjwa akielezwa sana ataacha dawa. La hasha! Anayeacha ni yule aliyeshtukizwa, akadhani amelishwa sumu.

Tena si suala la tumbo tu. Udhaifu wa dawa iliyopungua na udhaifu wa dawa iliyozidi hufanana. Anayelegea karibu na kidonge kinachofuata, pengine dawa imemwishia. Anayelegea saa moja baada ya kumeza, mate yakimjaa na misuli ikimchezacheza, pengine imezidi. Saa peke yake haitoi hukumu, na anayeshindwa kumeza au kupumua akimbizwe hospitali. Lakini huko ataulizwa alimeza lini. Ndugu waliompeleka watajibu nini, ikiwa hakuna aliyewaambia kwamba saa ina maana?

Wazee wanaopewa donepezili kwa ugonjwa wa kusahau wana kalenda nyingine. Kichefuchefu na kuharisha huja zaidi wiki za kwanza na kila kipimo kinapoongezwa, na mara nyingi hupungua. Akimeza usiku akasumbuliwa na ndoto, daktari anaweza kumhamishia asubuhi. Moyo kwenda polepole na kuzirai havina msimu. Nani huambiwa hayo?

Baadhi ya dawa za wadudu, zile za kundi la organofosfeti, huzuia kimeng'enya hicho hicho. Pale Makambako nimemsikia muuza pembejeo akimsomea mkulima wa viazi maandishi ya chupa: ukishapulizia, usivune kabla ya siku kadhaa. Mkulima alizirudia siku zile kwa sauti, akazihesabu kwa vidole, ndipo akalipa.