"Vumilia Tu Shosho" Si Dawa

Wasee, leo tuongee kuhusu neno moja ambalo naona linaumiza wazee wetu kuliko hata kisu cha daktari: vumilia.

Siku hizi si ajabu kusikia shosho wa mtu amebadilishwa goti. Sehemu zilizosagika baada ya miaka ya shamba, ngazi na ndoo za maji zinatolewa, zinawekwa za chuma na plastiki. Familia inachanga, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, M-Pesa zinaingia. Operesheni ikienda poa kila mtu anaandika "Mungu ni mwema", halafu kikundi kinanyamaza. Shosho anarudi nyumbani na mguu umefura, mshono mrefu mbele ya goti na bahasha za dawa. Akigumia usiku anaambiwa avumilie, ati ni kawaida, itaisha.

Mimi nasema hivi: kumtuliza mzee maumivu si kumdekeza. Ni sehemu ya operesheni yenyewe.

Goti jipya halijifunzi kukunjika lenyewe. Hospitali nyingi humsimamisha mgonjwa siku ileile au kesho yake, na wiki za kwanza ni za kukunja, kunyoosha na kutembea kidogo kidogo. Akiumwa sana hatakunja. Asipokunja, makovu ya ndani yanakaza goti, na wengine hulazimika kurudishwa theatre walazwe usingizi ndio daktari awakunje. Tena kukaa kitandani bila kusonga kunaongeza hatari ya damu kuganda kwa mguu. Kwa hivyo ile pesa yote mlichanga inaweza kupotelea hapo kitandani, juu ya neno moja tu.

Na unajua nani huwa nyumbani na huyo mzee? Ni sisi. Mimi niliacha chuo, kazi yangu ni simu na taa ya kurekodi, na kwa familia hiyo inamaanisha "wewe si uko tu". Shosho wangu alipotoka hospitali mwaka jana, bahasha nilipewa mimi. Ya parasetamoli ilikuwa imeandikwa 1×3, basi, maelezo ndiyo hayo.

Sasa, nyumba nyingi husoma 1×3 kama chai, lunch na supper. Piga hesabu. Dawa ya mwisho ni saa moja jioni na inayofuata ni saa moja asubuhi. Hayo ni masaa kumi na mawili, na usiku ndio maumivu huwa na kelele zaidi. Nilimuuliza mfamasia wa mtaani, akatupangia kila baada ya masaa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Shosho akaanza kulala. Akilala, asubuhi ana nguvu ya mazoezi. Na ukiuliza daktari, mara nyingi atakuambia dawa ipangwe imeze karibu nusu saa au saa moja kabla ya mazoezi, si baada ya mzee kushindwa.

Kitu kingine, wazee wetu hawasemi. Ukimuuliza shosho kama anaumwa atakuambia "niko sawa, mjukuu wangu" huku ameng'ang'ania kiti. Muulize kwa namba, sufuri hadi kumi, akiwa amekaa na pia akitembea. Akikataa mambo ya namba, muulize kama leo ni afadhali kuliko jana. Angalia uso wake akiinuka. Angalia sahani, amekula ama amechezea tu chakula? Andika kwa daftari umwonyeshe daktari au mtu wa fizio. Kuangalia saa na kuandika hakuhitaji digrii, na mimi ni ushahidi.

Najua kuna mtu anasema, "Lakini hizo dawa kali si zitamfanya awe mraibu?" Naelewa. Sisi vijana tunajua tramadol ina jina gani mtaani, kwa hivyo mathe akiiona kwa karatasi ya shosho anaificha kwa kabati. Lakini dozi ya siku chache, iliyo na mpango wa kupunguzwa na kuachwa, si sawa na ile ya uchochoroni. Cha kuchunga ni kwamba kwa mzee dawa hizo huleta usingizi, kufunga choo, kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata kuanguka. Basi mpe maji na matunda, usimwache aende choo peke yake usiku, na zisichanganywe na pombe au dawa za usingizi.

Cha ajabu, zile tunazoziamini kama peremende ndizo hatuziulizi maswali. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua tu kwa kemisti zinaweza kumletea mzee mwenye presha, figo dhaifu au vidonda vya tumbo shida kubwa, hasa kama amepewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Usiongeze bila kumuuliza daktari. Hata parasetamoli ina mpaka: kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mzee mwepesi au mwenye shida ya ini hupewa chini ya hapo. Na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, so soma pakiti.

Kuna pia vitu vya bure. Barafu, au pakiti ya minji kutoka kwa friza, ifungwe kwa kitambaa na iwekwe dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Mto usiwekwe chini ya goti hata akiuomba, kwa sababu goti litazoea kukaa limekunjwa. Weka chini ya kisigino mguu unyooke.

Lakini si kila maumivu ni ya kutulizia nyumbani. Nyama ya nyuma ya mguu ikifura na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au maumivu yakiongezeka badala ya kushuka, rudi hospitali. Kifua kikibana au akikosa pumzi, usingoje hata dakika.

Hospitali nazo ziache kutupa bahasha na kusema "next". Toa ratiba kwa lugha ambayo mzee anaelewa, na namba ya simu inayoshikwa.

Kama kuna shosho au guka kwenu aliyefanyiwa goti, leo toa zile bahasha, panga masaa, weka alarm kwa simu yako. Si unaishika siku nzima? Na mtu mwingine hapo nyumbani akisema "vumilia", mwambie alete barafu.