Lami peke yake haitoshi kulinda migongo ya madereva wa malori

Barabara ya lami inayotoka Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, imerahisisha biashara katika eneo la West Nile. Hata hivyo, dereva wa lori bado hulipa gharama isiyoandikwa kwenye hati ya mzigo: mgongo wake.

Mashimo si chanzo pekee. Mtikisiko wa gari hupenya kwenye kiti hadi kwenye uti wa mgongo. Kuketi kwa saa nyingi, katika safari ya takriban kilomita 500 kutoka Kampala hadi Arua, huzibana pingili za kiunoni na kuichosha misuli. Ng'ambo ya Oraba, kuanzia Kaya kuelekea Yei na Juba, barabara ya udongo huzidisha madhara hayo. Dereva anaposhuka na kuanza mara moja kumsaidia taniboi kupakua magunia, huunyanyulia mzigo mgongo ambao tayari umechoka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Nayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 hulipa kwa ajali za kazini na maradhi yaliyoorodheshwa. Ugumu uko hapo: mgongo unaoharibika kidogo kidogo kwa miaka hauna siku ya ajali inayoweza kutajwa, na dereva aliyeshindwa kazi huweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo kinga ina thamani kuliko fidia. Kiti chenye springi nzima, mwendo wa polepole penye mashimo, mapumziko ya kushuka na kutembea kila baada ya saa mbili, na kutoruka kutoka kwenye kebini ni hatua zisizohitaji fedha nyingi. Kupakua mizigo ni kazi ya wapakuzi, si ya dereva aliyetoka safarini.

Lakini dereva anayelipwa kwa idadi ya safari hawezi kupumzika bila kupoteza kipato. Maadamu malipo yanathamini haraka kuliko afya, ushauri wa daktari utaishia mlangoni mwa kebini. Uamuzi wa kwanza umo mikononi mwa mwenye lori.